Mkongo Usikie Mlima, Usisikie Nyayo

Mwezi Julai mwaka 2007 ardhi ya kaskazini mwa Tanzania ilitetema kwa siku nyingi mfululizo. Kitovu kilikuwa Gelai, mlima uliozimika kando ya Ziwa Natron, na tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilifikia kipimo cha 5.9. Huko Nairobi watu walikimbia kutoka maghorofani. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Septemba, Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, ulianza kulipuka kwa kishindo, na ukaendelea kurusha majivu hadi mwaka uliofuata. Baadaye wanasayansi walieleza kwamba chini ya Gelai magma ilikuwa imejipenyeza katika ufa na kusimama humo kama ukuta, bila kufika juu ya ardhi.

Neno ninalotaka msomaji alishike hapo ni "baadaye". Vipimo vya mitetemo vilivyokuwa karibu na Gelai siku zile vilikuwa vichache mno, na sehemu kubwa ya tunachokijua ilitoka kwenye satelaiti za rada za mataifa mengine, ambazo hurudi juu ya eneo lilelile baada ya wiki kadhaa. Mfugaji wa Engare Sero alitegemea miguu yake mwenyewe kujua kwamba ardhi inacheza. Hali imeboreka kiasi tangu hapo: vituo vya GPS vilivyowekwa kuuzunguka Lengai kwa ushirikiano wa watafiti wa Virginia Tech na wenzao wa Tanzania vimeonyesha mlima huo ukiinuka mwaka 2022. Lakini vituo ni vichache, na kati ya kituo na kituo kuna ukimya.

Novemba 2023 jambo linalofanana sana na la Gelai lilitokea Iceland. Magma ilipenya chini ya mji mdogo wa Grindavík na wakazi wote wakahamishwa usiku. Siku chache baadaye watafiti wa Caltech na wenzao wa huko waliunganisha chombo kwenye kebo ya kawaida ya mawasiliano, yenye urefu wa takriban kilomita 100, katika Rasi ya Reykjanes. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2025 yanaonyesha kwamba, katika milipuko iliyofuata, kebo ile iliona ardhi ikivutwa na kubanwa makumi ya dakika kabla lava haijatoka. Makumi ya dakika yanatosha kumtoa mzee na mtoto ndani ya nyumba.

Kebo ya namna hiyo sisi tunayo. Tangu mwaka 2009 Serikali imekuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na nyuzi zake zimesogea hadi kwenye miji ya wilaya. Karatu, mji wa hoteli, mabenki na ofisi za utalii, hauwezi tena kuishi bila nyuzi hizo. Na kama ilivyo kwa kebo nyingi duniani, ndani ya bomba moja huwa kuna nyuzi zaidi ya zinazotumika. Tunachokosa ni taa ya kuwashia nyuzi hizo za ziada. Hoja yangu leo ni kwamba ubora wa taa hiyo, yaani leza, ni suala la kisiasa, na hakuna mahali ambapo hilo linaonekana wazi kuliko Ngorongoro.

Nieleze kwanza namna kioo kinavyosikia. Uzi wa mkongo ni mwembamba karibu na unywele, na kioo chake, hata kikisafishwa vipi, kina kasoro ndogo mno ambazo hurudisha nyuma chembechembe za nuru inayopita. Ukituma pigo fupi la nuru kutoka Karatu, mwangwi wake hurudi kidogokidogo kutoka kila mita ya njia, na muda wa kurudi hukueleza umetoka mita ya ngapi. Ardhi ikinyooka hata kwa sehemu moja ya bilioni, uzi uliozikwa ndani yake hunyooka nayo, na mwangwi wa pigo la sasa hupishana kidogo na mwangwi wa pigo lililotangulia. Kwa kulinganisha mapigo kwa mamia au maelfu kila sekunde, kebo moja hugeuka kuwa maelfu ya vipimo vya mitetemo vilivyopangwa katika mstari mmoja.

Ulinganisho huo una sharti kali. Nuru ya pigo la kwanza na ya pigo la pili lazima iwe na rangi ileile, na ninaposema ileile simaanishi nyekundu na nyekundu. Nuru inayotumika ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1550. Macho hayaioni, lakini kioo huipitisha kwa hasara ndogo kuliko nyingine zote. Hutetema mara trilioni 193 hivi kwa sekunde. Leza ya kawaida haikai juu ya masafa hayo barabara. Hutapakaa kushoto na kulia, na kiasi cha kutapakaa huko ndicho tunachokiita upana wa mstari. Leza yenye upana wa megahezi 1 hukumbuka mdundo wake kwa mita 60 na kitu tu ndani ya kioo, kisha husahau. Upana ukishushwa hadi kilohezi 1, kumbukumbu hiyo hufika kilomita 60 na zaidi. Kebo ya kilomita 40 ina safari ya kilomita 80, kwenda na kurudi. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe ya leza inayotakiwa.

Kuipata leza ya aina hiyo ndipo ufundi ulipo, na naomba radhi kwa wasomaji wangu wa sheria na utawala; wavumilie kidogo, kwa sababu siasa ya jambo hili imefichwa humu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Elias Snitzer wa Marekani alionyesha kwamba uzi wa kioo wenyewe unaweza kuwa leza. Mwaka 1987 kundi la David Payne, huko Southampton, Uingereza, likaonyesha kwamba uzi uliotiwa elementi ya erbiamu hukuza nuru ya nanomita 1550. Tangu hapo mahitaji yamekuwa machache. Unaufunga uzi huo uwe duara, unausukuma kwa nuru ya diodi, na nuru ya erbiamu inazunguka ndani ikijikuza. Tatizo ni kwamba duara la mita 10 halina mdundo mmoja. Lina midundo mingi inayoweza kukaa ndani yake pamoja, iliyopishana kwa megahezi 20 tu, na hata ukiweka kichujio chembamba cha sehemu ya kumi ya nanomita, zaidi ya 500 itapita. Kila mmoja tunauita modi. Leza huchagua modi moja, hukaa nayo dakika mbili, kisha mtu anabamiza mlango au joto la chumba linapanda kidogo, nayo inarukia kwa jirani. Kwenye skrini ya mpima ardhi mruko huo unaonekana kama tetemeko.

Wapo wanaofupisha chumba cha nuru. Uzi wa sentimita chache, ulioandikwa ndani yake michirizi ya kuakisi kwa mwanga wa urujuanimno, na katikati ya michirizi hiyo pakaachwa pengo dogo lililopimwa, hukubali modi moja peke yake kwa kuwa jirani zake wamesukumwa mbali. Gharama yake ni kwamba uzi mfupi una erbiamu kidogo, na nuru yake ni hafifu. Wengine hubaki na duara refu, kwa sababu chumba kirefu ndicho kinachoupa mstari wembamba wake, kisha huweka pembeni kipande cha uzi wenye erbiamu usiosukumwa na diodi. Nuru ikikutana na mwakisiko wake humo, huchora michirizi ndani ya erbiamu yenyewe. Modi iliyotangulia kutawala hujichongea njia ya kupita bila hasara, na wapinzani wake humezwa kabla hawajakua. (Mfano wa siasa zetu namwachia msomaji auone mwenyewe.) Njia hii ya pili ndiyo ninayopenda kuifundisha, kwa sababu mwanafunzi huijenga mezani, kwa vipande ambavyo mafundi wa mawasiliano huvitumia kila siku, na huuona mruko wa modi kwa macho yake kabla hajajifunza kuuzuia.

Baada ya modi moja kupatikana, kazi inayobaki ni ya subira. Leza ya uzi ikipata nyuzijoto moja zaidi, masafa yake huhama kwa zaidi ya gigahezi 1. Ukigawanya kwa trilioni 193 utaona ni sehemu kama 6 kwa milioni, na chombo hakina namna ya kutofautisha mhamo huo na ardhi iliyonyooka milimita kadhaa kwa kila kilomita. Sasa fikiria Karatu: uwanda wa juu, jua kali mchana, baridi ya koti usiku, umeme unakatika, jenereta inawashwa na mngurumo wake unapita sakafuni. Leza iliyozoea maabara ya Ulaya, ikiwekwa hapo bila kujengewa makazi yake, itatusimulia historia ya jenereta. Inahitaji sanduku linalotunza joto kwa sehemu ya mia ya nyuzijoto, kitako kisichopokea mtetemo, na kitu cha kujipimia. Kwa hilo la mwisho maumbile yametusaidia: gesi ya asetilini, ileile anayoitumia fundi wa kuchomelea vyuma, hufyonza nuru ya karibu nanomita 1542 katika masafa ambayo hayabadiliki kwa amri ya mtu, na leza inaweza kufungwa hapo kama mashua kwenye gati.

Hatua ya mtu au ya ng'ombe karibu na kebo ni tukio la sehemu ya sekunde. Ili kuisikia, leza inatakiwa kuwa tulivu kwa muda huohuo mfupi tu. Ikihama polepole usiku kucha hakuna anayejali, kwa sababu programu huuondoa mhamo huo kama takataka. Mlima hufanya kinyume chake. Huvimba na kunywea kwa saa na siku, na mhamo wa polepole wa leza ndio hasa unaoifunika pumzi hiyo. Kwa hiyo leza ya wastani inatosha kuwasikiliza watu. Leza iliyofungwa kwenye modi moja, yenye mstari mwembamba na isiyohama, ndiyo inayohitajika kuisikiliza volkano. Anayeleta Ngorongoro chombo cha kusikilizia kwa uzi na kusema ni kwa ajili ya usalama wa wananchi dhidi ya volkano, aulizwe kwanza leza yake inahama kiasi gani kwa siku. Jibu litatueleza amekuja kumsikiliza nani.

Swali hilo si la kufikirika. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 kwa makubaliano kwamba watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Juni 2022 msafara wa kwanza wa kaya uliondoka kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wao wanasema huduma zilibanwa ili watu wachoke. Mwezi huohuo, huko Loliondo, uwekaji wa mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 uliishia kwa askari mmoja kuuawa na wananchi kujeruhiwa. Mimi naegemea upande wa wakazi katika mgogoro huu, na wasomaji wa safu hii wanalijua hilo. Lakini hata asiyekubaliana nami atakiri kwamba, mahali ambapo swali "nani alipita hapa na ng'ombe wangapi" linaweza kumfikisha mtu mahakamani, kebo inayosikia kwato si chombo cha sayansi peke yake.

Ndani ya hifadhi hiyohiyo, Laetoli, majivu ya volkano yaliyalinda kwa takriban miaka milioni 3.66 mapito ya mababu wa binadamu, hadi Mary Leakey na wenzake walipoyafukua kuanzia mwaka 1978. Wale hawakuulizwa, na hakuna aliyedhurika. Unyayo wa leo ukihifadhiwa kwenye seva una tarehe, saa, mita ya ngapi, na mwenyewe yu hai.

Kusikiliza kwa uzi kunauzwa duniani kote kwa ajili ya kulinda mipaka, reli na mabomba. Kwetu, bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa likiwa na uzi wa kioo unaolifuata ili kufuatilia hali yake. Sina ugomvi na hilo: bomba linalovuja lazima ligunduliwe mapema. Ninachosema ni kwamba teknolojia hii haitasubiri wanasheria wetu wamalize kuielewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu anayeweza kutambulika. Je, mtetemo wa hatua ni taarifa ya namna hiyo? Unyayo hauna jina. Lakini boma lina njia moja ya kwenda majini, na kijiji kizima kinajua ni nani huipita saa kumi na moja alfajiri. Kwa usomaji wangu, anayetaka kubisha kwamba mtetemo si taarifa binafsi atapata nafasi ya kubisha, na nafasi hiyo ingezibwa kwa kanuni kabla ya chombo cha kwanza kuwashwa.

Wenzangu hunipa pingamizi mbili. Ya kwanza inasema: tununue, mambo ya kujenga leza ni ya matajiri. Kununua si dhambi. Hata diodi na erbiamu tutavinunua. Lakini sanduku lililofungwa kiwandani huja na programu yake, na programu ndiyo inayoamua kipi kiandikwe na kipi kitupwe. Mwanafunzi aliyeijenga leza na kuiona ikiruka modi anajua wapi pa kuangalia. Aliyepewa sanduku na mwongozo wa kurasa 200 hujua kitufe cha kuwashia. Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha fizikia kwa miongo mingi. Kinachokosekana ni uzi wa kujifunzia, na uzi huo umelala ardhini ukiwa giza.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na imetoka kwa rafiki yangu mwanajiolojia: mlima ukilipuka kesho, utamwambia mama wa Engare Sero kwamba tulichelewa kwa sababu tulikuwa tunajadili faragha ya ng'ombe? Nimelifikiria sana swali hilo. Jibu langu ni la kifizikia. Hatua ya mtu hutikisa kebo kwa mita chache, pengine makumi ya mita. Wimbi la tetemeko hupita kebo nzima, na ardhi inayovimba huvimba kwa kilomita. Tukichukua wastani wa kila kilomita moja, palepale ndani ya chombo, kabla ya chochote kuandikwa, hatua za mtu huzama na mlima hubaki. Tutapoteza ukali fulani katika kuzipata sehemu vinakoanzia vitetemeko vidogo kabisa. Hasara hiyo naikubali. Na ona kwamba wastani huo una maana tu ikiwa leza haihami, kwa kuwa mhamo wa leza huzigusa kilomita zote kwa pamoja na hauwezi kufutwa kwa wastani. Leza nzuri ndiyo inayotuwezesha kutupa nyayo na bado tukabaki na kitu cha kusikiliza. Leza duni ikitupiwa nyayo zake haibakiwi na chochote, na mwenye nayo atakuwa na kila sababu ya kutozitupa.

Ninachoomba, basi, ni jozi moja ya nyuzi zisizowashwa kutoka Karatu kuelekea hifadhini, itolewe na wasimamizi wa mkongo kwa chuo kikuu cha umma kwa maandishi na kwa muda maalumu. Chombo kiwekwe Karatu mjini, nje ya lango la hifadhi na nje ya uzio wa chombo chochote cha dola. Wastani wa kilomita ufanywe ndani ya chombo, na programu yake iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Takwimu za kila siku ziende kwa wakati mmoja kwa wanajiolojia wa Serikali na kwa halmashauri za vijiji ambavyo kebo inapita, pamoja na kipimo cha mhamo wa leza wa siku hiyo, ili kila mtu aone kama bado ni ya mlima. Kijiji kiwe na haki ya kudai ukaguzi, na mkaguzi asiwe mwajiriwa wa anayekaguliwa.

Rasimu ya masharti hayo nimeiandika katika kurasa nne na nitampa yeyote atakayeiomba. Ningefurahi zaidi ikisomwa na madiwani wa Karatu na Ngorongoro, na na wale wanafunzi wa sheria ambao hunikosoa kila wiki. Waanze na ibara ya tatu, ile ya nani anashika ufunguo wa chumba cha leza, maana hiyo bado hainiridhishi.